Wenye uzoefu wa kusafiri kwa baiskeli nje ya nchi: siku gani hamtaisahau?

Pedali_Moshi

Wakuu, habari za jioni.

Mimi ni mkazi wa Moshi. Wikiendi nyingi naendesha kwenda Mwanga na kurudi, na mara chache nafika Same. Tangu nilipoangalia mashindano ya dunia ya baiskeli pale Kigali, Septemba 2025, yakiwa ya kwanza kufanyika Afrika, akili yangu haijatulia. Nimeamua mwaka huu nitoke nje ya mipaka. Mpango wangu ni kuingia Rwanda kwa Rusumo, nifike Kigali, niteremke Ziwa Kivu hadi Rusizi, kisha nirudi kwa kupita msitu wa Nyungwe na kutokea Huye.

Baiskeli yangu ni ya mtumba, gia 21, breki za raba, siyo za diski. Mapafu sina wasiwasi nayo. Kinachonipa mawazo ni hiyo Nyungwe. Mmoja ananiambia ni mlima kama milima mingine, mwingine ananiambia niache kabisa nipande basi.

Orodha za vifaa nimesoma za kutosha. Naomba mtu aliyekwisha kusafiri nje kwa baiskeli anisimulie siku moja tu, tangu asubuhi mpaka jioni, ile ambayo hataisahau. Nawasilisha.

MtotoWaKyaka

Mkuu, siku hiyo ninayo, na ni hiyo hiyo Nyungwe unayotishwa nayo. Nilianzia Kamembe, mjini Rusizi, jioni nikalala Kitabi, upande wa pili wa msitu. Kaa vizuri, maana sitaandika kwa kifupi.

Kwanza saa. Rwanda wako nyuma yetu kwa saa moja. Ukishavuka daraja la Rusumo unarudisha saa na unahamia kulia mwa barabara. Kulia utazoea upesi, ila kwenye kipilefti kuwa macho, mazoea ya nyumbani ndipo yanaporudi. Kuhusu saa, faida yake utaiona alfajiri. Kwetu Kagera jua huchelewa, kunapambazuka watu wanakaribia saa moja. Kule saa kumi na mbili kumeshakucha, na mtu mwenye mlima mbele yake hiyo ni zawadi.

Jioni ya kuamkia siku hiyo nilikula sambaza kando ya Kivu, wamekaangwa wakakauka, na pilipili ya mafuta pembeni. Mama aliyeniuzia alinieleza kwa Kiswahili safi kwamba samaki hao mababu zake hawakuwajua. Na ni kweli: walitolewa Ziwa Tanganyika wakapandikizwa Kivu mwishoni mwa miaka ya 1950. Ni ukoo mmoja na dagaa wa Kigoma. Nilimwambia nimetoka Kagera kwa baiskeli, akaniongezea kijiko kingine bila kunidai.

Nilitoka Kamembe giza likiwa linaondoka. Kivu iko mita 1,460 juu ya usawa wa bahari, na barabara ya msituni inapita mita 2,400, kwa hiyo hesabu yako ni mita elfu moja za kupanda, ukiacha zile unazopanda, unateremka, unapanda tena. Mpaka Ntendezi sina la kusimulia: vilima, watoto wa shule wanaokimbia pembeni yako, lami nzuri.

Baada ya hapo inaanza chai. Gisakura, mkuu, chai imefunika kila kilima unachokiona, na wachumaji wameshaingia kazini na vikapu mgongoni, mikono inakwenda bila wao kuiangalia. Halafu chai inaisha ghafla, kama imekatwa kwa panga, na msitu unaanza hapo hapo. Hapana kichaka wala shamba la katikati. Nilipovuka tu ule mpaka, hewa ilibadilika. Jasho la mgongoni likawa baridi. Kelele za watu zikabaki nyuma, nikawa nasikia cheni yangu na matone yanayodondoka kutoka kwenye majani, ingawa mvua yenyewe ilikuwa bado.

Kutoka Gisakura hadi Uwinka, pale penye ofisi ya watalii na lile daraja la juu ya miti, ni kama kilomita 18. Mimi nilitumia karibu asubuhi yote. Usikimbizane na mlima huo. Mwinuko wake si mkali kama wa Kigali mjini, ila hauna mwisho: unafika kwenye kona ukidhani ndiyo kilele, kumbe ng'ambo ya bonde unaona barabara hiyo hiyo ikiendelea kupanda. Niliweka gia ndogo kabisa nikaacha kuangalia mbele. Nikawa naangalia ukingo wa lami. Kuna kuvu kwenye mawe, kuna konokono wakubwa wanaovuka, kuna mimea ya kutambaa inayoning'inia mpaka unaigusa kwa bega.

Kwenye kona moja nyani walikuwa wamekaa barabarani, dume kubwa katikati, hana habari na mtu. Nilisimama. Likaja basi dogo la abiria, likapiga honi, nyani wakasogea, nami nikapita nyuma ya basi. Mbega niliwaona juu zaidi. Usidhani ni wawili watatu. Nyungwe ina makundi ya mbega yenye mamia, na siku ile mti mzima ulikuwa unatikisika, mikia mirefu yenye weupe inashuka na kupanda, mmoja baada ya mwingine wanaruka pengo lile lile kutoka tawi lile lile, akina mama wamebeba watoto walioning'inia kifuani. Nilishika breki zote mbili nikasimama pale mpaka wa mwisho akapita. Hakuna aliyekuwa na haraka siku ile, si wao si mimi.

Mvua ilinikuta kabla ya Uwinka. Haikuanza kwa manyunyu. Ilimwagika. Nilivaa koti, nikafunga kofia, nikaendelea, maana kusimama kwenye baridi ile ni kujitafutia homa. Malori yalikuwa yanapita taa zimewashwa mchana. Moja lenye namba za kwetu, zile zinazoanza na T, lilinipita likipiga honi ndefu, na utingo akatoa mkono nje dirishani. Wanapeleka mizigo Rusizi na Bukavu kutoka Dar, halafu wanarudi. Mkuu, ukiwa peke yako kwenye ukungu ule, hiyo herufi T inakupasha joto kuliko koti.

Sasa nifike kwenye jambo lenyewe.

Juu kule kando ya barabara kuna kibao kinachoonyesha mgawanyo wa maji: upande huu Kongo, upande ule Naili. Mvua inayonyesha magharibi mwa ule mgongo inashuka kuelekea Kivu na mto Rusizi, inaingia Tanganyika, inatokea Lukuga, inaishia kwenye mto Kongo na Bahari ya Atlantiki. Inayonyesha mashariki inaingia Rukarara, Rukarara inaingia Mwogo, Mwogo na Mbirurume zikikutana ndipo inapozaliwa Nyabarongo, na Nyabarongo ndiyo inayokuja kuwa Akagera. Akagera hiyo inapita chini ya daraja la Rusumo, inazunguka mpakani mwetu, na inafika Kyaka.

Mimi ni mtoto wa Kyaka. Nimekua nikichota maji kwenye mto ule. Baba yangu alikuwa kijana mwaka 1978, majeshi ya Amin yalipovuka na kubomoa daraja letu, na hadi leo ukimwuliza habari za vita ataanza na mto. Lakini mto ninaoujua mimi ni wa kahawia, mzito, unapita na magugu maji. Nilizoea kuona hiyo ndiyo rangi yake ya kuzaliwa.

Niliegemeza baiskeli kwenye kingo, nikashuka penye kalavati upande wa mashariki. Mvua ilikuwa bado inanyesha, na mvua kubwa. Kijito kilichotoka msituni kilikuwa cheupe. Nasema mvua inanyesha na maji ni meupe! Nilitia mkono mpaka kwenye kiwiko nikaona kucha zangu, nikaona kokoto za chini, jani moja jekundu limenasa kwenye jiwe. Baridi ya maji ilipanda hadi begani. Nilijaza chupa, nikatia kidonge cha kusafishia, nikangoja, nikanywa pale pale nimesimama.

Ile mizizi na majani yaliyooza ndiyo yanayofanya kazi hiyo. Tone linapigwa na jani la juu, linapigwa na la chini yake, linafika ardhini halina nguvu ya kubeba udongo. Kesho yake, nilipotoka msituni na kuingia kwenye mashamba ya kuelekea Nyamagabe, mvua ilikuwa ndogo kuliko ya jana, na kila mfereji niliouvuka ulikuwa umejaa tope. Mwendo wa baiskeli tu unatenganisha hayo mawili. Kwa gari nisingeyaona.

Na hapa naomba niseme wazi, maana linaniuma. Sisi tuna sheria ya mazingira ya mwaka 2004 inayokataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka mtoni. Njoo kwetu uone mihogo na mahindi yanavyofika ukingoni kabisa. Tunalima mpaka mto, halafu tunalalamika maji ni machafu na samaki wamekimbia. Tangu siku ile, kikao cha kijiji kikiitishwa nami nipo, suala la ukingo wa mto nalisimamia mimi, na nitaendelea kulisimamia.

Turudi barabarani. Baada ya Uwinka barabara inapanda na kushuka mpaka Kitabi, na ndipo breki zilipoanza kusaga. Lami yenye maji na mchanga inakula raba za breki haraka kuliko unavyodhani. Nilisikia sauti ya chuma kwenye ringi, nikasimama: za nyuma zimeisha. Nilikuwa na jozi moja ya akiba, nikaifunga mbele, kwa kuwa mbele ndiko kwenye nguvu ya kusimama, nikaendelea kushuka polepole mguu mmoja uko tayari.

Karibu na mwisho wa msitu nilikutana na kijana anasukuma baiskeli ya gia moja, gunia la viazi limelazwa juu ya keria. Aliona ninavyoshuka, akanionyesha kwa mkono nisimame. Kiswahili chake kilikuwa cha maneno machache, Kinyarwanda changu nacho ni cha salamu, lakini kwenye breki hatukuhitaji mkalimani. Alifungua kitambaa chini ya siti, akatoa kipande cha tairi kuukuu na kisu kidogo. Akapima kwa kidole, akakata vipande viwili, akavikunja kidogo vikaingia kwenye vile vyuma vyangu, akavigonga na jiwe, akazungusha gurudumu, akalishika. Likasimama. Aliinua gurudumu tena, akaangalia kama linagusa upande, akalegeza nati moja robo mzunguko. Hela alikataa. Nilimsaidia kusukuma gunia lake kona mbili za kupanda, nikarudi kuchukua yangu. Breki zile za tairi zilinifikisha Huye, na huko ndipo nilipopata raba mpya.

Kitabi nilifika saa kumi jioni, nimelowa mpaka mifupa. Malori yalikuwa yameegeshwa pembeni, na mtu mmoja aliyechuchumaa chini ya tela akaita, "We bwana wa baiskeli, si wewe tuliyekupita kule juu?" Ndio wale wa T. Dereva ni mtu mzima, nilimwamkia shikamoo kwanza. Jiko la mkaa liko chini ya tela, ugali umeiva, na dagaa wa Mwanza waliowabeba kutoka nyumbani. Nikanawa, nikakaa nao kwenye turubai. Dereva hakuuliza kwa nini nasafiri kwa baiskeli, swali ambalo kila mtu huniuliza. Aliuliza nimeonaje barabara, kona ipi ina utelezi, mawe yamedondoka wapi. Tuliongea kama watu wa kazi moja.

Hiyo ndiyo siku yangu. Usipande basi.

Kamembe_Yetu

Ndugu zangu, salaam kutoka Rusizi. Nimefurahi kuona Nyabarongo yetu na mto wenu ni mto mmoja.

Nawaongezea machache kama mwenyeji. Mvua kubwa ni Machi hadi Mei, nyingine Septemba hadi Desemba. Juni, Julai na Agosti ni kiangazi, ila Nyungwe hata kiangazi mvua inaweza kukukuta, kwa hiyo koti lisikae chini kabisa ya mzigo. Msitu una karibu kilomita 50 za barabara bila maduka. Kula Gisakura, beba chakula, usipange kulala njiani ndani ya hifadhi. Barabara ni ya umma, hukatazwi kupita, lakini ukitaka kuingia kwenye njia za msituni unalipia na unapewa mwongozaji. Tangu 2023 Nyungwe ni urithi wa dunia wa UNESCO, na sisi wa hapa tunaona fahari.

Nyani msiwape chakula. Wakishazoea, wanamfuata mwenye baiskeli kwa sababu hana dirisha la kufunga.

Waendeshaji wa mashindano ya Tour du Rwanda wakija na hatua ya Huye hadi Rusizi, wanapita msitu huo huo kwa upande wa pili. Sisi tunawasubiri chini, na wanafika wengine wanatetemeka. Basi kaka wa Moshi, usione aibu ukienda taratibu.

Ukiwa na siku ya ziada teremka Bugarama. Ni tambarare yenye mpunga na joto kali, hapo Rwanda, Burundi na Kongo zinakutana. Ukitoka kwenye baridi ya Nyungwe huwezi kuamini ni wilaya moja.

Njeri_wa_Nakuru

Hamjambo wote. MtotoWaKyaka, umenifanya nichelewe kulala.

Siku yangu mimi ni fupi. Nilikuwa Kigali wakati wa mashindano, siku ya wanaume, nimesimama kwenye ule mlima wa mawe wa Kimihurura tangu asubuhi. Kilomita 267.5 walikuwa wanaenda, na kila wakizunguka mnaona wamepungua. Mwisho walimaliza 30 pekee, Pogačar mbele. Lakini kitu ambacho sitasahau ni vijana wa Eritrea, Rwanda, Uganda na kwetu Kenya wakipita, na umati wote unawaita majina bila kujali ni wa nchi gani. Nililia, na sioni haya kusema.

Kesho yake nikapanda baiskeli kwenda Musanze. Ukitoka Nyabugogo, mlima wa Shyorongi unakungoja hapo hapo, miguu haijapata moto. Waendesha baiskeli za mizigo walikuwa wanapanda nao, wengine wameshika nyuma ya lori. Hiyo msiige hata kidogo, ni hatari na polisi wanakamata. Mmoja alisukuma gunia lake sambamba na mimi hadi juu, tukapumzika pamoja, akaniambia jina la kila kilima tulichoona.

Pedali_Moshi, kitu kimoja kutoka kwa mwanamke aliyesafiri peke yake: nilijihisi salama. Nililala nyumba za wageni za kawaida na baiskeli waliniruhusu kuingiza chumbani kila mahali nilipoomba.

Pedali_Moshi

Wakuu, sina la kusema. Kaka wa Kyaka, nimesoma mara mbili, ya pili nimemsomea mke wangu, na yeye ndiye aliyesema "nenda." Kaka wa Rusizi na dada Njeri, asanteni sana.

Maswali yangu ya mwisho kwa MtotoWaKyaka: raba za breki nibebe jozi ngapi? Nguo unazikingaje na mvua, kwa kuwa nasikia mifuko ya plastiki hawaitaki? Na ulipitia wapi upande wa Tanzania?

MtotoWaKyaka

Msalimie shemeji, mwambie ana akili.

Raba beba jozi nne, mbili za mbele na mbili za nyuma, na kabla ya kuingia Nyungwe funga mpya hata kama za zamani bado zina uhai. Zile zilizotumika weka akiba. Kila ukisimama kwenye mvua, pangusa ringi kwa kitambaa, mchanga ndio unaokula. Na kipande cha tairi kuukuu na kisu sasa havitoki chini ya siti yangu.

Mifuko ya plastiki Rwanda walishaipiga marufuku tangu 2008, mpakani wanaweza kukupekua na kuichukua, na hata kwetu tumeshaizuia tangu 2019. Mimi nilimpa fundi viatu turubai la lori akanishonea mifuko miwili yenye mdomo wa kukunja. Nguo za kulalia weka kwenye mfuko wake peke yake, usiufungue mpaka uingie ndani. Beba soksi za sufu na glovu. Unatoka Moshi, baridi unaijua, lakini ya Nyungwe inakuja na maji.

Pasipoti ya Afrika Mashariki inatosha, viza hakuna. Rusumo ni kituo kimoja cha pamoja, unagongewa mihuri yote miwili hapo hapo.

Njia: mimi nilitoka Kyaka kupitia Karagwe hadi Kasulo, pale watu wanapoita Benako, kisha Rusumo. Wewe unayetoka Moshi utaona Kahama, Nyakanazi hadi Benako ni lami na malori ni mengi, kwa hiyo vaa kizibao cha kung'aa na uwe na kioo cha pembeni. Ukiamua kupitia kwetu, uliza kwanza hali ya kipande cha Bugene hadi Kasulo. Mimi nilikipita kikiwa vumbi tupu, na wakati wa mvua tope lake linajaa kwenye madigadi mpaka gurudumu linagoma kuzunguka.